Karatasi ya Mgomba

Kivinje, Kilwa
12 Juni 2022

Mimi Maftaha bin Hussen, mwenye umri wa miaka sabini na minane, niliyezika wake wawili, majirani wote wa mtaa wetu wa zamani, na yule daktari aliyeniambia sitaumaliza mwaka, nakuandikia wewe dada yangu Ziada, uliyeko Lindi kwa mwanao Naima. Shikamoo. Ukiwa mzima nashukuru, na kama kuna kinachokuuma, Mungu akiondoe kabla barua haijafika.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatia. Barua huwezi kuikatia.

Sisi huku wazima. Msikiti wetu umepakwa rangi ya kijani, na kijani chenyewe si kizuri, nilisema, hawakunisikiliza. Mkorosho wa nyuma ya nyumba umeanza kuchanua. Kadija jirani yangu, yule msuka mikeka, anakusalimu. Hajasema, ila najua angesema.

Sasa jambo lenyewe. Mchwa wameingia kwenye kasha la babu. Walipanda kutoka chini kimyakimya, wakajenga njia yao ya udongo, na nilipofungua kuutoa ule utenzi niuanike kidogo upate hewa, kama nifanyavyo kila baada ya masika, nikakuta karatasi nne za mwisho zimekuwa vumbi. Vumbi jeupe, dada, laini kama poda ya mtoto. Nikalipuliza, likaondoka na maneno yake.

Utenzi ule babu yetu Nurdini alimtungia mama yake, Bibi Nusaiba, aliyeshuka kutoka Umatumbi na kapu la mbegu kichwani. Kila mwaka tunausoma hapa sebuleni kabla ya Ramadhani, na mwisho wake msomaji ni wewe. Sisi wengine kufika huko tumeshasinzia, au tuko nje kwenye pilau. Kwa hiyo beti za mwisho hakuna anayezijua ila wewe. Hata ulipohamia Lindi ulikuwa unakuja. Mwaka huu hukuja, tukaishia njiani, na hukusema kwa nini.

Na mkono wa babu unao wewe. Wewe alikufundisha herufi zake za Kiarabu zikakukaa. Mimi alinipa kalamu nikaitafuna. Basi utaandika wewe, karatasi nitatengeneza mimi. Babu alikuwa akipika karatasi yake mwenyewe, nimemwona kwa macho yangu akikoroga sufuria. Utenzi wa babu hautatiwa kiraka cha karatasi ya dukani maadamu mimi ndiye mwenye kasha. Juzi redioni wamesema kuna watu wanatengeneza karatasi kwa mgomba. Redio nayo imekubaliana na mimi.

Ndugu yako,
Maftaha, ambaye kwenye kisomo cha watu wazima mwandiko wake ulibandikwa ukutani.


Lindi
3 Julai 2022

Mdogo wangu Maftaha,

Marahaba. Umeniandikia umri wako kana kwamba si mimi niliyekubeba mgongoni ukanilowesha. Nilikuwa na miaka sita na mgongo wangu ulikuwa mdogo kuliko wewe.

Naima hajambo, amehamishia cherehani yake karibu na stendi na sasa anashona sare za shule. Mvua zimekwisha. Samaki wapo, ila wa kuchagua hawapo.

Nimesikitika kwa habari za mchwa, nikakaa na barua yako mpaka chai ikapoa. Halafu nikafurahi, nikaona haya kufurahi. Tangu babu afariki nimekuwa nikiusoma utenzi ule, lakini mkono wangu haujawahi kuingia ndani yake. Babu aliniambia, Ziada, siku moja utaniandikia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ile siku moja ndiyo hii.

Ila sikia, na nitasema mara moja tu. Sukari imeniingia machoni. Ndiyo maana mwaka huu sikuja, niliona haya kukosea kusoma mbele za watu. Daktari amenimulika, akasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hajui kitakaa muda gani. Nataka nizirudishe beti zile kwa mkono wangu, nami nikiwa naona ninachokiandika. Naima anasema anirekodi kwenye simu. Nimemwambia babu alinifundisha mkono, hakunifundisha simu.

Kwa hiyo hatuna nafasi ya michezo. Babu hakupika karatasi. Alinunua duka la Mhindi kwa mabunda, na ulichomwona akikoroga ni uji wa wanga wa kupaka juu yake. Ulikuwa mtoto, ukauomba, ukapewa, ukautema. Naima ameshaninunulia bunda la karatasi nyeupe nzuri. Lakini baba alikuachia wewe kasha, na kisichoridhiwa na mwenye kasha hakiingii ndani. Hiyo ndiyo desturi yetu nami siivunji uzeeni. Nipe neno moja tu: sawa. Nianze kesho.

Dada yako,
Ziada


Kivinje
28 Agosti 2022

Dada yangu Ziada, shikamoo.

Barua yako imechelewa kufika kwa sababu Petro, kondakta wa basi, aliisahau kwenye mfuko wa shati lake na shati likafuliwa. Aliniletea mwenyewe kutoka Nangurukuru, imekunjamana kama sikio. Mahali pa macho wino umekimbia, kwa hiyo sijui ulisema nini hapo. Kwingine nimesoma. Neno uliloliomba, jibu ni bado.

Uji wa wanga siukumbuki. Sufuria ninaikumbuka, na babu ninamkumbuka, na moshi wake.

Sasa nikueleze kazi, maana hapa Kivinje hakuna mwingine anayeijua. Nimekata migomba iliyokwisha kuzaa, nikaichana maganda yake, nikayachemsha kwa maji ya majivu kutwa nzima mpaka yakalainika. Nikatwanga kwenye kinu cha Kadija. Kisha nikatia kwenye beseni la maji, nikakoroga. Nilichukua fremu ya dirisha bovu nikaiwamba chandarua cha zahanati. Unaizamisha taratibu, unaiinua taratibu, maji yanachuruzika, kinachobaki juu ya chandarua ndiyo karatasi. Unaipindulia kwenye khanga kuukuu, unaikandamiza kwa jiwe, unaibandika ukutani ikauke.

Hilo la beseni ndilo linalonikalisha, dada. Nyuzi zinaelea majini kama mawingu, zinasogeleana, zinaachana. Unakoroga kidogo, zinabadilika. Juzi niliona humo ua wa nyumba yetu ya zamani, ule uliokuwa na kisima, na mama anaanika nguo, upepo unazivuta naye anazifuata. Nilikaa nikimwangalia mpaka jua likanifika kisogoni. Nilipoinua fremu mama akaondoka na maji.

Karatasi ya kwanza imekuwa nene. Kadija alikuja akaishika kwa ncha za vidole. Akasema, "Mzee Maftaha, nieleze, hii ni chapati au mkeka? Kama chapati nilete mchuzi, kama mkeka niutie ukingo." Kisha akataka kinu chake, kwamba kisamvu chake kinanuka mgomba. Nimemwambia asubiri, kinu kiko kwenye elimu.

Ya pili imekuwa nyembamba, ila ukiigusa kwa kalamu wino unatambaa kila upande kama mafuta kwenye nguo. Nitaiweza. Nimeyaweza magumu zaidi ya haya, nawe unayajua.

Ndugu yako,
Maftaha


Lindi
15 Septemba 2022

Maftaha,

Marahaba. Shati likifuliwa na barua ndani, halifuti mstari mmoja likaacha barua nzima. Haya.

Wino kutambaa ni kwa sababu karatasi yako ina kiu. Pika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, uchuje, uupake kwa kitambaa, uache ukauke. Kisha sugua karatasi kwa kauri ya baharini mpaka ing'ae. Ndivyo alivyofanya babu kwa karatasi ya Mhindi, na kauri yake nilikuwa nikimshikia mimi.

Mimi nimejiandaa. Nimekinga masizi ya kibatari kwenye kigae, nimeyachanganya na gundi ya mgunga, wino uko tayari kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nimechonga kalamu tatu za tete. Kila asubuhi nazipanga mezani, kila jioni nazikusanya. Naima ananiangalia huku akishona. Bunda lake la karatasi liko pale pale, na wewe bado hujasema sawa.

Jicho la kulia limeshuka pazia tangu wiki iliyopita. Nimeliandika peke yake hapa mwisho ili wino usikimbie.

Ziada


Kivinje
20 Oktoba 2022

Dada yangu Ziada, shikamoo.

Yote uliyoandika nimeyasoma, mpaka ya mwisho.

Huku ni msimu wa korosho, watu wote wako mashambani na mji umebaki na wazee na kuku. Kadija amepata wajukuu mapacha, kinu nimemrudishia siku hiyo hiyo bila kuombwa.

Ninakuletea kwa mkono wa Petro karatasi nne. Uji na kauri nilikuwa karibu kuvifikiria mwenyewe, wewe umewahi tu. Ziangalie. Rangi yake kama maziwa yaliyotiwa chai. Ukiziinua juani utaona nyuzi ndani, kama mishipa kwenye jani. Moja nilimwonyesha Mwalimu Abdurahmani wa madrasa nilipomaliza kuisugua, akaigeuza, akaigeuza, akasema, "Hii umeitoa wapi?" Nikamwambia, kichwani.

Na kuna jambo moja ambalo hata babu hakulijua. Utenzi wake uliliwa kwa sababu karatasi yake haikuwa na kinga. Mimi nimekamua mafuta ya maganda ya korosho, yale tunayopaka nguzo za nyumba zisiliwe, nikazipaka karatasi zote mwishoni, kidogo tu, kwa unyoya wa kuku. Kisha nikaweka kipande kimoja juu ya kichuguu nikakaa nikingoja. Mchwa walikuja, wakasimama, wakageuka. Niliwaona wakigeuka, dada. Utenzi wa babu sasa utakaa mpaka siku ya mwisho.

Andika sasa. Nimesema sawa.

Maftaha


Lindi
2 Novemba 2022

Mjomba Maftaha,

Shikamoo. Ni mimi Naima. Mama hawezi kuandika kwa sasa, na hajui kama nakuandikia.

Karatasi zilifika jioni. Mama alizipokea kama mtu aliyeletewa mtoto. Alizipapasa, akazinusa, akaziweka karibu na uso azione vizuri, kwa sababu siku hizi kila kitu anakiona kwa kukisogeza puani. Alikaa nazo mapajani mpaka wakati wa kulala. Asubuhi vidole vyake vyote vimetoka malengelenge, na pua na mashavu vimevimba. Zahanati wamempa dawa ya kupaka. Wanasema ni wiki tatu au nne kabla hajashika kalamu.

Mjomba, hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Kwenye nguzo sawa, nguzo haishikwi. Nisamehe kwa kukuambia hivi, wewe ni mkubwa wangu.

Mama hakukasirika. Alicheka, ndicho kilichonikera mimi. Alisema, "Maftaha amewazuia mchwa, na mimi pia."

Amenikataza kukuambia hili nalo. Jicho la kulia halioni kabisa. La kushoto linaona vitu vikubwa, kama sahani, kama mkono wa mtu. Daktari anasema na hilo lina miezi tu. Maandishi ya barua zako hayaoni tena, namsomea mimi. Nimeona ni haki uyajue. Sasa uamuzi ni wako.

Naima


Kivinje
4 Desemba 2022

DADA YANGU ZIADA, SHIKAMOO.

NIMEANDIKA HERUFI KUBWA KWA SABABU KALAMU YANGU IMEKUWA BUTU NA SINA NYINGINE. USIONE VIBAYA. KARATASI HII NI YA MGOMBA, HAINA MAFUTA, NIMELALA NAYO SIKU TATU JUU YA KIFUA NA KIFUA NI KIZIMA.

MVUA ZA VULI ZIMEANZA. MAPACHA WA KADIJA WANAKUA.

NIMEKULETEA KARATASI ISHIRINI. ZOTE UJI NA KAURI TU. MCHWA WAKIJA NITAWANGOJA MIMI, KASHA NIMELIPANDISHA JUU YA MEZA NA MIGUU YA MEZA IKO KWENYE MAKOPO YA MAJI.

KITU KIMOJA. BABU ALIANDIKA HERUFI NDOGO KWA SABABU KARATASI ILIKUWA YA KUNUNUA. WEWE KARATASI UNAYO, NDUGU YAKO NDIYE KIWANDA. ANDIKA KUBWA. HATA UBETI MMOJA UKIJAZA KARATASI NZIMA MIMI NIMERIDHIA. NA KAMA UNATAKA KARATASI YA NAIMA, CHUKUA, NAYO NIMERIDHIA. UTENZI UTAKAA NDANI YA KASHA VYOVYOTE UTAKAVYOKUWA.

MAFTAHA


Lindi
15 Januari 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, Naima amekaa pembeni mikono mitupu. Kalamu yako kuwa butu nimeamini.

Vidole vimepona na ngozi mpya ni laini kuliko ya zamani. Karatasi ya Naima nimemrudishia, amekatia mitindo ya sare. Naandika kwenye ya kwako.

Sijui nikuambieje ilivyo. Naima anasogeza meza dirishani jua likipanda. Naweka mkono wa kushoto juu ya karatasi nipate kujua ukingo uko wapi. Kalamu nimechonga pana kama kidole. Naanza upande wa kulia, na nasikia tete linavyokwangua zile nyuzi zako, kwaa, kwaa, kama mtu anayetembea kwenye majani makavu, na ninajua niko wapi kwa sauti hiyo. Karatasi ya dukani isingeniambia kitu. Kila herufi nzima naiona, inakuja nyeusi kutoka kwenye ukungu, inasimama, halafu inaingia ukunguni tena nikishaipita.

Na babu anakuja. Si ndoto, niko macho. Harufu ya masizi ikipanda, namwona amekaa pale pale alipokuwa akikaa, mguu mmoja ameukunja, haniangalii, anaangalia mkono. Jana nilipokosea mkia wa herufi wau alinisogezea kigae cha wino kama zamani, maana yake futa uanze tena. Nikafuta nikaanza tena.

Mahali alipoandika beti sita mimi naandika mmoja. Nimefika Bibi Nusaiba anapofungua kapu na kukuta mbegu zimechipua ndani. Karatasi zimekwisha. Tuma nyingine, Maftaha, na usitafute njia mpya ya kuzifanya nzuri. Zifanye mbaya zile zile, upesi.

Ziada


Kivinje
2 Februari 2023

SHIKAMOO DADA.

KARATASI THELATHINI. MIGOMBA YANGU IMEKWISHA, HIZI NI ZA MIGOMBA YA KADIJA. KINU CHAKE PIA. AMEKUJA KUTWANGA MWENYEWE, ANASEMA MIMI NATWANGA KAMA MTU ANAYEDAI KITU. ALIIMBA, MAPACHA WAMELALA KWENYE MKEKA KANDO YA BESENI. NIMEKUWA NIKIKOROGA NA SIONI TENA MAMA HUMO. NAKUONA WEWE, MGONGO TU, UMEINAMA.

USIJIBU. ANDIKA UTENZI.

MAFTAHA


Lindi
26 Februari 2023

Mjomba shikamoo. Mama anasema niandike maneno yake kama anavyoyatamka, nisiongeze langu. Basi ni yeye sasa.

Maftaha, nimemaliza. Ilikuwa Alhamisi, jua likiwa bado dirishani. Karatasi hazikutosha kwa hesabu yangu ila zimetosha kwa kazi. Nimempa Petro kifurushi, nimemwapisha asikitie kwenye shati. Zimefuatana kama nilivyozipanga, Naima ameshona pembeni kwa uzi wa viatu. Ni nene kuliko utenzi wote wa babu, kasha litakataa kufunga, usilipige na nyundo.

Mwandiko huu si wangu kwa sababu mkono umechoka na nimeupumzisha. Hilo tu.

Kwenye kisomo cha utenzi mwaka huu sitakuja. Mpeni Mwalimu Abdurahmani asome. Mniambie pilau ilikuwaje.

Mwisho wa maneno yake. Mimi sijaongeza.


Kivinje
19 Machi 2023

Dada yangu Ziada, shikamoo.

Nimeandika herufi ndogo, kalamu nimepata mpya. Naima akusomee, kisha aiweke barua chini akusikilize.

Kisomo tulifanya Ijumaa baada ya Isha. Sebule ilijaa mpaka barazani. Pilau ilikuwa na chumvi zaidi, aliyepika simtaji. Mwalimu Abdurahmani alisoma mkono wa babu tangu mwanzo, miwani yake puani na tochi ya simu mkononi, mpaka karatasi za babu zikaisha. Akavua miwani. Akachukua kitabu chako, akakifungua, akakiangalia. Halafu akakisogeza kwangu mbele ya watu wote.

"Hizi Mzee," akasema, "hata wewe utazisoma."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na sikukataa. Unajua mimi ni mtu wa kukataa.

Nikaweka kitabu mapajani. Dada, sijawahi kuona herufi kama zile. Alifu yako imesimama kama nguzo ya nyumba. Nuni yako unaweza kutia maji ukanywea. Zile herufi za babu zilikuwa kwangu kama sisimizi wanaopita, kila nikitaka kuishika moja inakwenda na wenzake. Zako zimesimama. Zinangoja. Nikatia kidole kwenye ya kwanza, nikaisema. Nikatia kwenye ya pili, nikaisema. Neno likatoka, na lilikuwa jina la bibi yetu.

Nilisoma. Nakuambia nilisoma, dada, mbele ya watu, mimi. Mwanzo nilikuwa naenda polepole wakawa wananung'unika, kisha wakanyamaza, kisha nikasikia sauti yangu ikaniacha ikatangulia. Mbegu zikachipua kapuni, bibi akalishusha kapu, akauona mji kwa mbali na moshi wake. Taa zilikuwa mbili tu. Kila nikifunua karatasi inakwaruza, na kwenye mkwaruzo ule nilisikia beseni, nikasikia wewe. Hakuna aliyesinzia. Waliokuwa jikoni walikuja wakasimama mlangoni wakiwa na miiko.

Nikafika mahali bibi anapoketi kwenye mchanga, ambapo watu wote husema amina, na wakasema. Nami nikataka kufunga. Lakini ilibaki karatasi moja.

Ubeti ule hakuna aliyeujua. Mwalimu Abdurahmani aliinua kichwa. Hapo hapakuwa na sauti ya miaka yote ya kunisukuma, wala mtu wa kuniwahi neno. Palikuwa na herufi zako na kidole changu. Na zile za mwisho, dada, zilikuwa zinapanda na kushuka, nyingine imeacha nyuzi ikatoka nje ya karatasi. Nimezisoma zote. Nikasema kwa sauti:

Karatasi ya kupika
ndugu yangu kaanika
na mie nikaandika
jicho likinisinzia.

Hakuna aliyesema amina. Walikuwa wananiangalia mimi. Kadija akasema, "Rudia, Mzee." Nikarudia. Akasema tena nirudie, nikamwambia inatosha, karatasi itachakaa.

Kwa hiyo jambo la macho yako sasa ninalijua, na umeniambia mwenyewe, na ulichagua kuniambia mahali ambapo lazima nilisome kwa sauti mbele ya watu. Hasira zako ni za zamani na nimezipokea.

Keshokutwa napanda basi la Petro nakuja Lindi. Miaka tisa sijapanda, watu watasema nimekuja kutibiwa. Nakuja na kitabu nimekifunga kwenye khanga. Naima asikusomee hata mstari mmoja. Wewe utakaa dirishani, nami nitakaa pale alipokuwa akikaa babu, nitakusomea mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na ukitaka nirudie nitarudia, hata karatasi ichakae. Migomba mipya imeshachipua.

Na kama Naima ataguna kwamba mjomba anajisifu, kwamba hawezi kuwa amesoma, amuulize Mwalimu Abdurahmani, aliyevua miwani yake na hakuivaa tena usiku ule. Amuulize Kadija binti Romani, aliyeniambia mara mbili nirudie. Amuulize Petro kondakta, aliyekuwa mlangoni ameshika sahani ya pilau, naye si mtu wetu na hana sababu ya kunisifia.

Ndugu yako,
Maftaha bin Hussen